Leso Kwenye Mpini wa Kigari

Kama umejifungua karibuni, na ukilala chali unahisi kama mtu amekukalia kifuani, hesabu mito yako. Mto mmoja ni wa kila mtu. Wa pili, labda godoro limebonyea. Ukifika wa tatu, acha kumuuliza mama, muulize daktari. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Yaliyobaki ni habari ya jinsi nilivyoupa mto wa tatu kila sababu isipokuwa ya kweli, kisha nikatembea majira mazima ya baridi nikimsukuma mtoto mchanga nje, watu wa kwetu wakidhani ugonjwa umepanda kichwani.

Mimi ni mtu wa biashara. Nimekulia Mombasa nikiuza leso kando ya mama yangu, na hapa Houston nauza madera, udi na leso hizo hizo kutoka sebuleni kwangu Gulfton, wateja wakipiga simu kuanzia Stafford hadi Dallas. Bei iliyobandikwa kwangu ni mwanzo wa mazungumzo. Kila kitu nakihesabu mara mbili. Mito pia niliihesabu mara mbili, na hesabu ilikuwa sawa. Jibu ndilo lililokuwa la mtu mwingine.

Binti yangu Nasra alizaliwa Oktoba ikiisha, siku ya joto kama ya Machi kwetu. Leba ilipokwisha, nesi aliniletea kikombe cha maji, barafu imejaa hadi ukingoni. Nilikuwa na kiu ya mtu aliyevuka jangwa. Nikanywa, na barafu nikaitafuna. Mama, aliyekuwa ameshuka kwenye ndege wiki ile kuja kunilea arobaini, alikuwa amesimama mlangoni.

"Wampa mzazi barafu," akasema. Hakuniambia mimi, aliuambia ukuta.

Kuanzia hapo nikawa mikononi mwake. Madirisha yakafungwa, hita ikawashwa wakati nje majirani wamevaa kaptula. Maji ya moto asubuhi, kukandwa, uji wa pilipili manga, na mkaja alioutoa Mombasa ndani ya sanduku akanifunga tumbo mpaka nikawa napumua kwa awamu. Sisemi vibaya. Mikono ile imelea wazazi wengi mtaani kwetu na wote wapo.

Wiki ya tatu ndala zikagoma kuingia. Miguu ilikuwa imejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kikohozi kikaanza, kikavu, cha kulala nacho. Kutoka chumbani kwenda jikoni nikawa nasimama katikati ya safari, najifanya nakagua ukuta. Nikaongeza mto wa pili. Nikaongeza wa tatu. Mwisho nikawa nalala nimekaa kwenye kochi kama abiria.

"Baridi imeingia," mama akasema. "Ile barafu."

Akapiga simu kwa mashangazi zangu wote, na wote, mmoja mmoja, bila kuwasiliana, wakasema barafu. Huwezi kushinda kesi yenye mashahidi kama hao. Hita ikapanda, mkaja ukakazwa. Nje nabanwa na mama, ndani nabanwa na kitu nisichokijua, na mimi ninayebishana hata na muuza nyanya wa dukani nikanyamaza, kwa sababu kubishana kunahitaji pumzi.

Aliyekuja kuuvunja mkutano ni Wanjiku. Yeye ni nesi, Mkenya wa bara, mteja wangu wa madera tangu siku za mwanzo, na rafiki kwa sababu hajawahi kulipa bila kugombana. Alikuja kumwona mtoto akitoka kazini, bado amevaa nguo za kazi. Akamshika Nasra, akamsifu, akamrudisha kwa mama. Kisha akanitazama mimi, na uso ukabadilika.

"Rukia, unalala na mito ngapi?"

"Mitatu. Lakini mmoja ni mwembamba."

"Sijauliza unene. Hebu nione miguu."

Nikainua dera. Akabonyeza, akatazama lile shimo likikataa kujaa.

"Vaa viatu, tunaenda hospitali."

"Haviingii. Kesho asubuhi basi, Salim atakuwa amerudi."

"Usini-bargain, Rukia. Leo mimi si customer." Akamgeukia mama, sauti ikashuka kwa adabu. "Mama, samahani. Hii si baridi."

"Alikula barafu," mama akasema.

"Najua, mama. Lete jaketi yake."

Salim ni mume wangu, dereva wa lori, na wakati huo alikuwa njiani kutoka upande wa Dallas. Kwa hiyo tuliokaa kwenye chumba cha kungojea ni mimi, mama, Wanjiku na Nasra ndani ya kikapu chake. Runinga ilikuwa inaonyesha mtu anapika samaki. Mbele yetu kijana mmoja alikuwa amekalisha mfuko wa barafu juu ya goti, na mama alimtazama muda wote kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake akijidhuru hadharani.

Sitawachosha na mambo ya kitabibu, hata mimi nimeyasahau kwa makusudi. Daktari alisema moyo wangu umetanuka na kuchoka. Kwamba jambo hili huwapata baadhi ya wanawake wakikaribia kuzaa au baada ya kuzaa. Kwamba si kosa la mtu. Wanjiku akatafsiri.

"Muulize kuhusu barafu," mama akasema.

Wanjiku akauliza. Daktari akatabasamu, akasema hapana, si barafu. Mama akaitikia kwa kichwa. Nimemjua maisha yangu yote: hajakubali, ameahirisha kesi.

Nililazwa. Wakanipa dawa ya kutoa maji, na maji yakatoka mpaka nikawa naona aibu kumwita nesi. Asubuhi moja nikatazama chini nikaviona vifundo vya miguu yangu, vimerudi kama ndugu waliokuwa wamesafiri bila kuaga. Nilifurahi. Kisha nikagundua kwamba maziwa nayo yamekauka. Siku nilipotoka, Nasra alikuwa tayari ananyonya chupa mkononi mwa mama, na anageuza kichwa akisikia sauti ya mama, si yangu.

Nikarudi nyumbani na fulana. Hii inahitaji maelezo kidogo. Ni fulana ya kuvaa chini ya nguo, ina nyaya, na ubavuni inaning'inia mashine ya ukubwa wa kitabu kinene. Kazi yake ni kusikiliza moyo. Moyo ukipiga vibaya, inalia. Kama uko macho, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kuiambia ngoja, niko hai. Usipobonyeza, inakupiga umeme wa kukurudisha. Na kabla ya kupiga inatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwanamume mtulivu, kwamba watu wasimguse mgonjwa.

Mama alikuwepo siku ya mafunzo. Wanjiku alipomtafsiria maneno hayo ya msimguse mgonjwa, akatoka na sheria yake mwenyewe: mtoto hakai kifuani mwa Rukia. Daktari alikuwa amesema nisinyanyue vitu vizito kwa wiki chache. Mama aliliongezea katazo lile muda, kama wanavyofanya watu wa serikali. Nikawa nambusu Nasra miguu, kwa mbali, kama mtu anayesalimia kaburi la walii.

Halafu Mansfield ikapiga simu.

Wifi yangu, dada yake Salim, anakaa huko Mansfield, upande wa Dallas, nyumba yenye uwanja na chumba cha ziada, watoto wake wameshakua. Hana ubaya, na hilo ndilo tatizo, maana mtu mbaya ungemkatalia.

"Wifi, mimi nasema kwa kukusaidia tu," akasema. "Mama yenu anarudi Mombasa Aprili, ruhusa yake inakwisha. Salim yuko barabarani. Wewe huwezi kumbeba mtoto. Nasra aje huku mpaka upone. Chumba kipo."

"Mpaka nipone lini?"

"Mpaka upone."

Katika biashara, bei isiyotajwa ndiyo kubwa kuliko zote. Salim, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alisugua macho. Tukaja kukubaliana hivi: Machi ningepigwa picha nyingine ya moyo. Moyo ukiwa umepanda nguvu, fulana inarudi kwao na Nasra anabaki. Ukiwa bado chini, wananipasua kifua waweke kifaa ndani, na Nasra anakwenda Mansfield. Mimi niliyezoea kuzungusha maneno nikakuta sina la kuzungusha. Moyo haupunguziwi.

Nikamuuliza daktari ninaweza kufanya nini. Akasema meza dawa, punguza chumvi, na utembee kila siku, kidogo kidogo. Nje ni bora, hewa na jua. Mtoto je? Mtoto avae vizuri, akasema, baridi ya Houston haijawahi kumla mtoto aliyevaa vizuri.

Nikayapeleka maneno hayo nyumbani, kwa mama.

"Daktari amesema nitembee."

"Tembea. Sebule hiyo hapo."

"Nje."

"Haya, nje. Mtoto atakaa nami."

"Na Nasra, mama. Ndani ya kigari. Simbebi, namsukuma."

Mama akaweka chupa ya maziwa mezani polepole. "Mwana mchanga. Nje. Desemba."

"Daktari ameruhusu."

"Daktari huyo ni wa watu wale wale wa barafu."

Basi tukaanza. Mimi nilifungua na kituo cha basi, kwenda na kurudi, nikijua sikiwezi. Yeye akafungua na kizingiti cha mlango. Nikashuka hadi getini. Akapanda hadi kwenye ngazi. Tukafunga kwenye chumba cha kufulia nguo, ambacho kiko nyuma ya jengo letu, jua likishatoka na kama hakuna upepo. Tukaingia kwenye nguo. Alitaka sweta tatu, nikatoa moja, tukakutana mbili. Alitaka kofia mbili.

"Mbili za nini? Ana kichwa kimoja."

"Moja ikianguka."

Nikampa kofia mbili. Nikakubali na mimi nivae glavu, nene, za Salim za kushika minyororo ya lori. Nilidhani tumemaliza. Akaenda chumbani akarudi na leso yake, nyekundu, imepauka kwa kufuliwa, akafunga pembe moja kwenye mpini wa kigari na nyingine akanizungushia kiunoni, fundo la mkaja.

"Sasa mimi ni ng'ombe, mama?"

"Ng'ombe hafungwi kwa leso nzuri hivi. Ukianguka, mtoto asende zake barabarani."

Tunakaa ghorofa ya kwanza. Ngazi nilikuwa naweza kushuka, kigari sikuweza kukishusha. Siku ile ya kwanza nimesimama juu nakitazama, mlango wa chini ukafunguka akatoka Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia.

"Mama Nasra, unaenda wapi na mutoto mu baridi hii?"

"Natembea. Daktari amesema."

"Bon. Weye shuka polepole, miye nitabeba gari."

Akakibeba na Nasra ndani yake kama sinia. Tangu hapo kila asubuhi akawa anakuja bila kuitwa. Nilimwahidi vitumbua, akasema vitumbua haviko sawa na ngazi, labda na mahamri. Tukaelewana mahamri.

Nilikuwa sitamani kutembea, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nashindwa kukaa. Ndani ya nyumba nilikuwa nausikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza mgeni anatembea chumba cha juu. Kila pigo nalikagua. Nikikaa nasimama, nikisimama nataka kukaa, nikifumba macho naona Mansfield. Ndani nilikuwa mgonjwa mwenye waya. Nje, chini ya buibui, nilikuwa mwanamke mwenye kigari kama wengine, na hakuna aliyekuja kumchukua mtoto mkononi mwangu. Asubuhi ile fupi ndiyo nilikuwa mama yake.

Nyuma ya chumba cha kufulia kuna matundu ukutani yanayotoa hewa ya mashine za kukaushia, hewa ya joto yenye harufu ya sabuni. Pale ndipo nilipopumzika. Siku moja kabla ya mwaka kuisha, kigari kimesimama katikati ya ile hewa ya moto, Nasra alinitazama kwa muda mrefu, kwa ukali, kama mteja anayekagua mshono. Kisha akacheka. Haikuwa gesi, midomo yote ilicheka, na macho. Nikageuka nione kama kuna shahidi. Hakukuwa na mtu. Nilirudi nyumbani sikumwambia mama. Kila kitu cha mtoto kilikuwa chake, kuoga, kulala, kubeua. Hicho nikakifunga kwenye pindo langu.

Baridi ya hapa ni mbaya kwa sababu haina msimamo. Jumatatu unawasha kiyoyozi, Jumatano upepo unashuka kutoka kaskazini unakata masikio. Januari ikaja ile siku ya kuganda. Tangazo likapita kwamba watu waache mifereji idondoke ili mabomba yasipasuke. Mama, aliyelea watoto kwa maji ya mtungi wa kununua, alikaa jikoni akitazama maji yakidondoka bure kwenye sinki, akaweka sufuria, ikajaa, akaweka nyingine. Siku hizo hatukutoka. Nilizunguka meza mpaka Salim akaniomba nikae, na nikamjibu vibaya, naye akanijibu vibaya, mtoto akalia, mama akawasha udi. Salim akaondoka na lori mapema kuliko ilivyohitajika. Alinipigia akiwa barabarani.

"Siogopi Nasra kwenda Mansfield," akasema. "Naogopa nikirudi nikukute wewe hupo."

Nikamwambia aendeshe polepole.

Kliniki ya moyo nilikuwa naenda mara kwa mara, wakiongeza dawa, wakipunguza. Chumba cha kungojea kimejaa wazee. Babu mmoja mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe aliniuliza nimemleta nani.

"Nimejileta," nikamwambia. Akavua kofia.

Dawa zilinipa kizunguzungu, nywele zikabaki kwenye kitana kwa vishungi, mwili ukapungua mpaka pete ikawa inazunguka. Lakini kutembea kukaongezeka. Nilirudi mezani kwa mama nikapata geti. Februari nikaomba kituo cha basi. Alikataa kwa juma zima, kisha akasema, "Fika, uguse ile nguzo, urudi. Husimami kuzungumza na watu."

Geti letu lina mteremko mfupi unaoangukia barabara kubwa, mabasi yanapita pale bila kujali. Asubuhi hiyo kulikuwa na jua na baridi kali, ndege weusi wanapiga kelele kwenye nyaya. Nimevuka geti tu, kitu kikatetemeka ubavuni. Kisha fulana ikalia, mlio wa kupasua sikio. Nilikuwa nimesimama kwenye mteremko, mikono miwili kwenye mpini, na vitufe vinataka mikono miwili.

Sikuhisi kuanguka, sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililonitisha. Nikauachia ule mpini. Glavu za Salim haziwezi kubonyeza hata mkate, nikazivuta kwa meno, moja, ya pili. Kigari kikaanza kuteremka. Nikaona gurudumu la mbele likifika ukingoni, na yule mwanamume mtulivu ndani ya mashine akaanza kusema watu wasiniguse. Leso ikakazika kiunoni. Kigari kikasimama, kikayumba, kikatulia. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Ikanyamaza.

Na hapo nikasikia ndala nyuma yangu.

Mama alikuwa amefika. Amevaa jaketi kubwa la Salim juu ya buibui, soksi ndani ya ndala, na kofia ya pili ya Nasra ameishika mkononi. Kutoka mlangoni kwetu hadi pale, kushuka ngazi, kuzunguka chumba cha kufulia, mimi hunichukua muda wa kutosha kujuta. Yeye alifika kabla mashine haijamaliza sentensi.

Alishika kigari kwanza. Kisha, na yule mwanamume alikuwa ametoka tu kusema wasiniguse, akanishika mkono.

"Wapumua?"

"Napumua. Mama, umetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Umefika vipi upesi hivyo?"

Akainama akafungua blanketi, akamtazama Nasra, aliyekuwa amelala fofofo.

Mama Furaha, akituona tunarudi wote, hakushangaa hata kidogo. "Ah, leo mumetembea pamoja," akasema. "Kila siku koko, bibi ya mutoto, yuko nyuma yako, mbali-mbali, anajificha kwa magari. Haukujua?"

Nikamtazama mama. Yeye alikuwa anatazama ngazi.

"Sikukufuata wewe," akasema. "Nilimfuata mtoto."

"Tangu lini?"

"Alicheka vizuri," akasema, "siku ile kwenye moto wa mashine za nguo. Nikasema huyu atafanana na babake." Akaanza kupanda.

Alikuwa ameuona. Wiki zote zile, tabasamu nililolificha pindoni lilikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa ameniachia nidhani ni langu peke yangu.

Watu wa mashine walisoma kumbukumbu yake wakasema moyo haukufanya kosa. Mwili wangu ulikuwa umepungua, mkanda umelegea, ikasikia msuguano wa nguo ikadhani ni balaa. Wakanipa ndogo zaidi. Nilidhani mama atafuta mkataba, na nilikuwa nimejiandaa kurudi kwenye chumba cha kufulia. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni, jaketi la Salim limeshavaliwa, anakaza fundo la leso.

"Tembea pembeni yangu basi," nikamwambia.

"Nyuma naona vizuri."

Machi ilikuja na vumbi la manjano la maua ya mialoni, magari yote ya Gulfton yakawa rangi moja. Wifi alinitumia picha ya kitanda cha mtoto alichokwisha kukipanga Mansfield, shuka za vipepeo. Kilikuwa kizuri, nikamwandikia ni kizuri, nikaenda kukaa bafuni.

Siku ya picha Salim alikuwa njiani na lori, simu iko wazi, ameegesha kwenye kituo cha mafuta. Tulikwenda mimi, mama na Nasra, Wanjiku akiendesha kisha akawahi kazini. Nililala ubavu gizani, dada wa mashine akinipaka ile dawa baridi kama ute wa yai, akinisukuma mbavu, akitazama kioo. Watu wale wamefundishwa kutokuwa na uso. Nilijaribu kusoma mabega yake, nikatoka bila kitu.

Kisha kungojea. Nimekaa kwenye vyumba vingi vya kungojea mwaka ule, na hicho kilikuwa kidogo kuliko vyote, viti viwili na picha ya ziwa. Nasra mapajani mwa mama, anakula ngumi yake. Nikahesabu vigae vya dari. Nikarudia. Mama akaniambia nikae, nikamwambia nimekaa, akasema miguu yako haijakaa.

Daktari akaingia akiwa bado anafunga mlango.

"Umepanda," akasema.

Nikamuuliza umepanda kiasi gani. Akasema haujafika kiwango cha mtu mwenye afya, ila umepita pale tulipokuwa tunaogopa, vya kutosha, hapasuliwi mtu. Fulana inaweza kurudi. Dawa ziendelee, na kuhusu mtoto mwingine tuzungumze siku nyingine kabla ya jambo lolote. Nikamuuliza tena, kwa maneno mengine, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Nikamuuliza kuhusu kubeba mtoto. Akashangaa. Akasema alidhani nimembeba siku zote.

Kwa Salim, kwenye simu, zilisikika lori za wengine zikipita. Kisha akasema atampigia dadake.

Nilimtafsiria mama lile la kubeba mtoto neno kwa neno, nisishtakiwe kwa kuongeza chumvi niliyokatazwa. Alinisikiliza. Hakuuliza kuhusu barafu.

Nesi akaingia kutoa zile nyaya za mwisho, mtu mchangamfu, akaona nalia, na kwa wema wake akaniletea maji. Kikombe kikubwa cha karatasi, barafu hadi ukingoni.

Mimi na mama tukakitazama.

Nilinyoosha mkono. Mama akawahi, akakichukua yeye. Akakizungusha, barafu ikagonga. Nikajua kitakachofuata, kitamwagwa kwenye sinki.

Hakukimwaga. Akakiweka mezani, akamnyanyua Nasra kutoka mapajani mwake, akamleta kifuani kwangu, mahali palipokuwa na nyaya.

"Nishikie mtoto," akasema, kama mtu ambaye mikono yake imejaa.

Kisha akakichukua kile kikombe kwa viganja vyote viwili, akakikumbatia, akakaa kwenye kile kiti chini ya picha ya ziwa, na tukangoja hapo, yeye na kikombe chake, mimi na mtoto wangu, mpaka barafu ikayeyuka.